Kati ya Juma na Jumwa

Alhamisi, 28 Machi 1957

Daftari hili nilipewa kwa kuandikia insha. Insha za muhula zimekwisha, kurasa nyingi zimebaki, nami sipendi kuacha karatasi tupu. Nitaandika mambo ya masika haya.

Leo Mwalimu Suleiman alikuja darasani na gazeti. Nchi sita za Ulaya zimetia sahihi mkataba mjini Roma siku ya Jumatatu: Ufaransa, Ujerumani ya Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi, na nyingine ndogo iitwayo Luksemburgi. Wanataka kuwa na soko moja, bidhaa zipite, na ushuru wa mipakani upunguzwe kidogo kidogo mpaka uishe. Alisema walianza miaka sita nyuma kwa kuunganisha makaa ya mawe na chuma tu, kwa sababu hivyo ndivyo vitu vya kuundia mizinga. Huwezi kuunda mzinga kwa siri ikiwa jirani yako ndiye anayekisimamia chuma chako.

Mwenzangu mmoja aliuliza, "Mwalimu, soko nalo ni kitu gani hata liandikiwe mkataba?"

Mwalimu alilikunja gazeti. "Soko ni mtu mwenye kitu, na mtu anayekitaka, na hakuna wa kuwazuia. Basi."

Mimi pia nilikuwa na swali. Mkono ulikataa kunyanyuka, kama kawaida yake.

Jumamosi, 30 Machi

Leo kimeandikwa kitu, na mimi ndiye niliyekiandika.

Watu wa Tsakani walikuja kijijini kwetu Mwandimu. Sisi ni Wadigo wa pwani; wao ni Waduruma wa bara, wanakaa ng'ambo ya mto Ramisi, upande wa Kikoneni. Kiangazi kilichopita walileta ng'ombe wao kisimani kwetu, tukawanyima maji, zikatoka panga. Mtu wetu alipoteza vidole viwili, na wa kwao mkono mpaka leo haukunjuki. Tangu hapo wao hawatuuzii mbuzi wala maziwa, nasi hatuwauzii chumvi, nazi wala samaki.

Mjomba Alfani amesomewa lile gazeti na amelipenda mno. "Ikiwa Mfaransa na Mjerumani wamepatana," aliwaambia, "sisi tutashindwa na nini? Wale walipigana kwa ndege. Sisi ni panga tu."

Niliitwa kwa ajili ya mwandiko wangu. Niliandika nakala mbili, moja ya kila kijiji. Kisima chetu kiwe wazi kwa ng'ombe wao kila kiangazi. Soko la pamoja lifanywe kwenye kivuko cha Ramisi, kila juma, kuanzia tarehe 10 Aprili, bila ushuru wa mtu yeyote. Masoko kumi yakipita salama, vijiji viwili viwe na baraza moja la kuamua mambo ya maji na malisho. Nilisoma kwa sauti, na wote wakasema ni vyema.

Kisha mkubwa wao, Garama, mtu mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akaishika ile karatasi akainusa.

"Karatasi hailii," alisema. "Ukiichoma hailii. Ukilivunja neno lake hailii. Mimi nataka kitu kinacholia."

Alitaka kila kijiji kitoe mtoto akae kwa wenzao mpaka soko la kumi. Mjomba akamtaja mwanawe. Garama akacheka mpaka akakohoa.

"Alfani, wanifanya mjinga? Mwanao ni wa ukoo wa mkeo. Mtoto wako wewe ni mpwao. Nipe mpwao, nami nikupe wangu."

Hilo ni kweli kwao na ni kweli kwetu. Baba yangu yuko kazini Tanga, na hata angekuwa hapa, neno la mwisho juu yangu ni la mjomba. Mjomba alinitazama. Kalamu ilikuwa bado mkononi mwangu. Akaniambia niongeze mstari: baada ya soko la kumi watoto watarudi kwao.

Niliuandika, na kwa mwandiko mzuri.

Jumapili, 31 Machi

Mama anaifua kanzu yangu ambayo ni safi.

Nimehesabu. Masoko kumi, kila juma moja, la mwisho ni tarehe 12 Juni. Majina ya watakaofanya mtihani wa darasa la nane yanafungwa tarehe 20 Mei, na asiyekuwapo darasani siku hiyo haandikwi. Mama alimwambia mjomba, "Kaka, Chirau ana mtihani mwaka huu." Mjomba akajibu, "Mwanapili, mbona mambo madogo? Nitazungumza na Mwalimu."

Jumatatu, 8 Aprili

Tsakani. Tulitembea tangu asubuhi, nami nimefunga, kwa kuwa leo ni siku ya nane ya Ramadhani. Kwenye kivuko nilipishana na yule mtoto mwingine. Anaitwa Tsuma, ni mpwawe Garama, umri wake kama wangu. Alikuwa anatabasamu. Sijui alikuwa na nini cha kutabasamia.

Watoto wa hapa wameshanipa jina. Wananiita Karatasi.

Jumatano, 10 Aprili

Soko la kwanza. Sijapata kuona watu wakitazamana vile, kama watu waliofiwa na kusahau aliyekufa ni nani. Kisha mkewe Garama, Bi Kache, akaonja chumvi yetu kwa ncha ya ulimi, akasema, "Enhe, hii ndiyo," na watu wakaanza kupiga kelele za bei. Tsuma alikuja na mama yangu, amevaa kofia yangu. Ananiambia anakwenda shule. Amepewa nafasi yangu mpaka nirudi, aketi asikilize.

Jumapili, 14 Aprili

Garama na watu wake walitoka alfajiri na mbuzi, vibuyu vya maziwa na kuni. Nilidhani wana soko jingine la kwao. Walirudi alasiri na vitu vyao vyote. Garama alipita mbele yangu bila kuitikia shikamoo yangu.

Mvua kubwa.

Jumatano, 17 Aprili

Leo ni siku ya soko, na hakuna aliyejitayarisha. Bi Kache alikuwa anapalilia. Nikajipa moyo nikamwuliza, "Mama, leo hatuendi kivukoni?"

"Kufanya nini? Leo si jumwa. Jumwa ilikuwa Jumapili, na hao watu wenu hawakuja. Kesho tutajaribu tena."

Nilisimama pale na jembe mpaka akaniuliza kama njaa imenizidi.

Naliandika hapa ili nilione vizuri. Kwa watu wa zamani wa kwetu, Wadigo kwa Waduruma, wiki ina siku nne. Siku ya nne inaitwa jumwa, siku ya kupumzisha jembe na kwenda sokoni. Marehemu bibi yangu aliihesabu hivyo mpaka mwisho wake. Sisi wa shule na msikitini tumezoea siku saba, na siku saba ni juma. Niliposoma "kila juma", watu wa Mwandimu walisikia juma, na watu wa Tsakani walisikia jumwa. Tarehe kumi ilikuwa Jumatano na tena ilikuwa jumwa, ndiyo maana tukakutana.

Hivi sasa ninapoandika, mjomba amekaa kivukoni na nazi zake, anawatukana watu wa Tsakani.

Inatosha kumwambia Garama maneno mawili. Nitamwambia kesho.

Alhamisi, 18 Aprili

Sikumwambia. Walikwenda, wakarudi.

Jumatatu, 22 Aprili

Walikwenda tena. Garama alinishika bega na kuniuliza, "Karatasi, wenzio wamekufa wote? Au ndivyo mnavyopatana huko pwani?" Midomo yangu ilifunguka ikafungwa.

Nimetafuta sababu ya kunyamaza kwangu na nimepata tatu. Kwanza, kosa ni la kalamu yangu. Pili, nikisema ni juma, Garama ndiye atakayeonekana amekosea mbele ya watu wake, nami ninalala nyumbani mwake. Ya tatu naandika kwa aibu. Kama ingekuwa jumwa, soko la kumi lingekuwa tarehe 16 Mei, na ningewahi darasani.

Ijumaa, 26 Aprili

Leo nilijua kwamba hata watu wetu wangekuwa na hesabu ya jumwa, wasingefika mapema siku ya Ijumaa, kwa ajili ya swala. Hilo nalo sikuliandika popote. Wale wa Roma walikuwa na waandishi wangapi?

Wakati wa kurudi mto ulikuwa umejaa. Mbuzi mmoja wa Bi Kache alichukuliwa na maji. Alikuwa na mimba.

Jioni, kama kila siku tangu nije, Bi Kache aliniletea maji na uji wa futari kabla jua halijazama, akasimama mlangoni akilitazama jua kwa niaba yangu. "Sasa," alisema. "Limezama. Kunywa, mwanangu." Yeye hafungi wala hajui sala. Lakini hajapata kukosea hata dakika moja.

Jumapili, 28 Aprili

Nimefanya kitu kibaya, na nitakiandika chote.

Jana asubuhi Garama alisema wanaume wa Tsakani watakutana leo, nami niwasomee karatasi, ili wajue ni nani aliyevunja neno. Nakala yao imo ndani ya mkebe wa majani ya chai unaoning'inia kwenye boriti. Mchana Bi Kache aliuteremsha, kwa kuwa unyevu umeingia kila mahali hata kwenye viatu, akanipa niifute karatasi ukungu. Kisha akaenda mtoni. Nilibaki mimi, karatasi, kalamu na kichupa changu cha wino.

Ninapoandika herufi m huwa naivuta mkia mrefu. Kati ya m na a palikuwa na nafasi, kama nilijiachia mwenyewe tangu siku ile. Nilifanya mazoezi mara sita nyuma ya daftari hili. Nikaiweka w. Ilikaa vizuri. Nilipuliza wino ukakauka, na jambo likaisha kwa muda mfupi kuliko kumenya ndizi.

Leo nilisoma mbele ya wanaume ishirini, na safari hii sauti ilinitoka: "Kila jumwa."

Garama alijipiga paja. "Nilijua! Nilijua! Someni wenyewe!" Hakuna hata mmoja wao anayejua kusoma. Wameamua wasiende tena kivukoni mpaka watu wa pwani waje kuomba radhi. Na Garama amesema, bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya mvua, kwamba mtoto wa watu waliovunja neno haondoki.

Niliiba herufi ili nitoke, na kwa herufi hiyo hiyo nimefungwa.

Jumanne, 30 Aprili

Ilikuwa jumwa. Hakuna aliyekwenda ila Bi Kache, na kibuyu kimoja. Garama alimkataza. "Mtu mmoja ni soko?" alimwuliza. "Nimekwenda na kitu cha kuuza," alijibu aliporudi, amelowa mpaka mifupa, "kama hakuja mnunuzi, hiyo ni aibu yake."

Jumatano, 1 Mei

Idi. Niliswali peke yangu nyuma ya zizi. Bi Kache alikuwa ameifua kanzu yangu, na Garama alinipa mguu wa kuku. Nikamwambia siwezi kuula, hakuchinjwa na Mwislamu. Akaniangalia kwa mshangao. "Wewe ulikuwa umekaa hapo hapo. Kwa nini hukusema?"

Kwa nini sikusema. Ndilo swali la masika yote haya.

Ijumaa, 3 Mei

Barua ya Mwalimu Suleiman imefika kwa njia ya duka la Kikoneni, na Mwinga, muuza chumvi, akaileta. Naandika yaliyomo.

Shule inafunguliwa Jumatatu. Mwalimu Mkuu hakubali kuniandikia jina nikiwa sipo. Tsuma anaendelea vizuri, ameshajua kusoma polepole, na anauliza maswali kuliko darasa zima.

Mjomba anasema watu wa Mwandimu walikwenda kivukoni Jumatano mbili, wakakuta watu hawapo. Kwa hiyo Jumatano tarehe nane watakuja na nakala yao, watu wa Tsakani nao waje na yao, zilinganishwe mbele ya watu. Mwalimu atasoma.

Mwishoni Mwalimu ameniandikia kama rafiki. Amesoma kwamba mkataba wa Roma umeandikwa kwa lugha nne, na zote nne zina nguvu sawa, hakuna iliyo mama wa nyingine. Tena akaniambia nitazame stempu. Nikaitazama. Ina majina matatu, Kenya, Uganda na Tanganyika. "Sisi pia tumeunganishwa," ameandika, "posta moja, reli moja, forodha moja. Tofauti ni kwamba hakuna aliyeketi akatuuliza."

Niliwasomea sehemu ya mjomba tu. Garama alisugua mikono. "Vizuri! Karatasi yetu tunayo."

Zitalinganishwa. Yao ina w na yetu haina. Watamwita Garama mghushi, mtu asiyejua a wala be.

Jumapili, 5 Mei

Mvua. Nilijaribu kuikwangua w kwa kisu. Karatasi ikaanza kutoboka nikaacha.

Jumanne, 7 Mei

Kesho.

Jumatano, 8 Mei

Niliahidi kuandika chote.

Watu wetu walikuwa wameshafika. Mama alikuwapo, na Tsuma kando yake ameshika daftari. Watu wa Tsakani walivuka maji yakiwafika magotini, panga viunoni, wakisema ni za kukatia kuni. Watu wetu nao walikuwa na zao, wakisema ni za kufulia nazi.

Mwalimu Suleiman alizishika nakala mbili, moja kila mkono. Akasoma yetu: kila juma. Akasoma yao. Akaisogeza karibu na macho, akaigeuza juani. Kisha akanitazama. Ananisahihishia daftari kwa miaka minne, anaijua w yangu.

"Hii inasema kila jumwa," alisema polepole.

Mjomba aliruka. "Wameighushi! Nimewaambia! Watu hawa hata karatasi wanaiibia!"

"Nani ameghushi?" Garama alisema. "Mimi? Kwa kalamu ya nani, Alfani? Ya babu yako?"

"Mwizi wa kisima, mwizi wa herufi!" mjomba alimjibu.

Mtu wetu mwenye vidole vitatu alipiga hatua moja mbele, na watu kumi wa Tsakani wakapiga hatua moja mbele. Nilisema, "Ni mimi." Hakuna aliyesikia. Nikasema tena. Bi Kache aliyekuwa karibu nami ndiye aliyesikia, naye ana sauti ya kumzidi mumewe. "Nyamazeni! Mtoto anasema!"

Nikasema mbele ya watu wote wa vijiji viwili. Kwamba niliandika juma, na wao wakasikia jumwa. Kwamba nilijua tangu Jumatano ya pili nikanyamaza. Kwamba niliongeza herufi kwa mkono wangu ili nirudi shule. Na kwamba mbuzi wa Bi Kache alikufa kwa ajili ya ukimya wangu. Hilo la mwisho ndilo lililonitoa machozi, nikaona haya, kisha nikakumbuka kwamba ndiyo kazi niliyoletewa Tsakani. Kitu kinacholia.

Mjomba alisema, "Umenivua nguo, Chirau."

Garama alinijia. Nilidhani atanipiga. "Nionyeshe," alisema. Nikamwonyesha herufi kwa kidole. Aliitazama muda mrefu.

"Hako kadudu?"

"Ndiyo, baba."

"Mwezi mzima mimi nimepigana na kadudu haka?" Akamgeukia mjomba. "Alfani, njoo ulione jeshi lenyewe."

Mtu mmoja akacheka, sijui wa upande gani, na wengine wakamfuata. Mjomba hakucheka, ila aliketi chini.

Ndipo mabishano halisi yalipoanza, juma au jumwa, na kila upande ukisema neno lake ndilo la asili. Mwalimu akawaeleza habari ya lugha nne zenye nguvu sawa. Mtu akauliza, "Sasa wakikosana kwa neno wanafanya nini?" Mwalimu akasema, "Wanakaa tena." Bi Kache hakungoja wakae. Alitoa kunde kwenye pindo la kanga yake.

"Siku ya kwanza tulikutana. Moja." Akaweka punje juu ya jiwe. "Sisi tukaja peke yetu siku nne. Mimi nikaja peke yangu siku moja. Sita. Nyinyi mmekuja peke yenu Jumatano mbili. Nane. Leo tuko wote. Tisa. Nani hapa hakuja? Kila mtu amekuja. Soko limekuwapo, ila watu hawakuonana."

Ikapatanwa kwamba masoko tisa yamepita, na limebaki moja. Mjomba akasema, "Kama ni moja tu, wacha nimchukue mtoto leo." Garama akatikisa kichwa. "Kumi ni kumi. Hilo halina kadudu ndani yake." Mama alinishika mkono, akauachia.

Niliandika nakala mpya: kila jumwa, yaani kila siku ya nne, ikiwa ni Ijumaa, baada ya swala. Mwalimu alisoma, Tsuma akasoma baada yake, neno kwa neno, kidole kikifuata. Garama alimsikiliza mpwawe kama anayesikia ng'ombe akisema.

Jumwa ijayo ni Jumapili.

Jumapili, 12 Mei

Mvua siku tatu bila kupumzika. Mto umepanda mpaka kwenye njia. Hatukuweza kufika kivukoni, wala kuona upande wa pili.

Jumanne, 14 Mei

Mvua. Nimesoma gazeti lililofungiwa chumvi, mara nne.

Alhamisi, 16 Mei

Mvua imekatika alfajiri. Tulikwenda sita tu: Garama, Bi Kache, mimi na vijana watatu. Mto umejaa, maji ya rangi ya udongo yanakwenda na magogo. Upana wake kama hatua thelathini. Ng'ambo palikuwa na watu watatu: mama na kikapu cha ndimu, mjomba, na Tsuma.

Garama alikuna shingo. "Hakuna soko leo. Turudi."

Jumwa baada ya hii ni tarehe ishirini. Ningefunguliwa kivukoni saa ile majina yanapofungwa darasani. Nilitazama kibuyu cha Bi Kache, nikakumbuka maneno ya Mwalimu. Nilipiga kelele, mimi. "Mama! Una nini?"

"Ndimu!" Sauti ilikuja nyembamba juu ya maji.

"Kuna mtu huku anazitaka!"

Mama alirusha ndimu. Ikaangukia majini. Ya pili ikaangukia majini. Mjomba akamnyang'anya kikapu, akavua kofia, akarudi nyuma hatua kadhaa na kukimbia, mtu mzima yule, kanzu ameikunja kiunoni. Ndimu ikapita juu ya mto ikaanguka kwenye matope miguuni kwa Bi Kache. Akaiokota, akaifuta, akainusa.

"Ni nzuri," alisema. "Nimeinunua."

Akakaza kizibo cha kibuyu kwa kitambaa. Garama akakichukua, akapanda juu kidogo kando ya mto, akakitupa katikati ya maji. Kikazama, kikaibuka, kikazunguka, kikashuka na mkondo. Tsuma alikimbia chini ng'ambo ya pili, akaingia mpaka kifuani huku mjomba amemshika mkono, akakikamata kibuyu. Mjomba alikifungua pale pale akanywa. Ndevu zake zikawa nyeupe.

"Yamechacha!" alipiga kelele.

"Ndivyo yanavyotakiwa!" Bi Kache alimjibu.

Garama aliketi juu ya gogo. "Mtu mwenye kitu, na mtu anayekitaka," alisema. Nilikuwa nimemweleza siku moja tukichunga. "Haya. Kumi."

Niko huru, na mto haujui.

Jumamosi, 18 Mei

Maji yamefika kiunoni. Garama alinivusha, amenishika kama anavyomshika ndama. Katikati ya mto tulipishana na Tsuma na mjomba. Safari hii Tsuma hakuwa na tabasamu. Daftari lake lilikuwa juu ya kichwa, limefungwa kwa kofia yangu.

"Nafasi yako ni ile ile," aliniambia. "Meza inacheza mguu mmoja, nimeiwekea kijiti."

Majuma sita nimemwonea wivu. Sikufikiri hata mara moja kwamba kurudi kwangu mimi ni kurudi kwake kwenye ng'ombe. Maji yalikuwa yanatusukuma. Nilisema upesi kabla aibu haijanishika, "Kila jumwa nitakuwa kivukoni. Njoo na daftari."

Jumatatu, 20 Mei

Asubuhi Mwalimu Mkuu aliita majina. Langu lilikuwa la mwisho, wino ukiwa bado mbichi. Meza haichezi.

Leo pia ni jumwa. Tulipotoka shule nilikwenda kivukoni mbio. Nilikuta watu wengi, mbuzi, nazi, na mjomba anabishana na Bi Kache juu ya maziwa. Tsuma alikuwa ananingoja juu ya lile gogo, daftari magotini.

Nyuma yake alikuwa ameketi Garama, kijiti mkononi, ameshasawazisha mchanga mbele yake kwa kiganja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Karatasi. Keti. Huyu anataka hesabu, lakini mimi ndiye mkubwa, utaanza na mimi." Akaugusa mchanga kwa ncha ya kijiti. "Kale kadudu. Kanaanzia juu au chini?"